Cheo Kilichovuka Bendera

Mwanzoni mwa mwaka 1889 ofisa wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alikuwa Kairo akisaka askari. Bunge la nchi yake lilikuwa limemwidhinishia marki milioni mbili akaizime vita iliyoongozwa na Abushiri bin Salim dhidi ya Wajerumani katika pwani ya Mrima. Hakutaka makuruta, kwa sababu hakuwa na muda wa kuwafundisha. Alitaka watu waliokwisha kuonja vita, na Kairo walikuwapo tele. Jeshi la zamani la Misri lilivunjwa mwaka 1882 Waingereza walipoikalia nchi, na mwanzoni mwa 1885 Khartoum ikaanguka mikononi mwa Mahdi, kiongozi wa uasi wa Sudan. Wanajeshi Wasudani waliobaki Misri hawakuwa na kazi wala kwao pa kurudi. Wissmann akaandikisha kama 600, wakapanda meli pamoja na wake na watoto wao, na tarehe 8 Mei 1889 walikuwa wakiishambulia ngome ya Abushiri karibu na Bagamoyo.

Wengi wa watu hao walikuwa na vyeo. Walikuwamo waliozoea kuongoza watu kumi, waliokuwa masajini wa muda mrefu, na wachache waliokuwa maofisa kamili wenye kuitwa efendi. Sasa walikuwa wamejiandikisha upya chini ya bendera wasiyoijua. Je, waanze chini kama askari wa kawaida, au waendelee pale walipoachia? Wissmann alichagua njia ya pili. Aliwaacha na ngazi zao za Kituruki na Kimisri: ombasha, shaushi, bashaushi, soli, na juu ya wote efendi. Hivyo ndivyo vyeo vya Istanbul vilivyoingia katika kambi za Bagamoyo, Pangani na Kilwa. Vilibaki katika jeshi la Wajerumani mpaka lilipoweka silaha chini mwaka 1918, hata wakati ombasha alipokuwa Msukuma na shaushi Mmanyema.

Haukuwa ukarimu. Wissmann alijua kuwa askari 600 wasiosikia Kijerumani hawataongozwa na maofisa wachache wa Kizungu peke yao, na kwamba shaushi aliyenyang'anywa cheo chake leo hatamsaidia kesho porini. Historia ya majeshi ya Afrika Mashariki kwa miaka zaidi ya 100 imejaa mifano ya aina hii. Askari mkongwe anaporudi kuvaa sare, madaftari husema jambo moja na mahitaji ya mkubwa wake husema jingine, na mara nyingi mahitaji ndiyo yaliyoshinda. Alipohitajika sana, cheo chake kilikumbukwa mpaka tepe ya mwisho. Haja ilipopungua, kilisahaulika.

Pamoja na Wasudani, Wissmann alichukua watu kama 100 kutoka Inhambane, Msumbiji. Watu wa pwani waliwaita Wazulu, ingawa wengi walikuwa Washangani. Hawa hawakutoka katika jeshi lenye karani na mihuri, kwa hiyo hapakuwa na cheo cha kuhamisha. Walianza chini. Mmoja wao alikuwa Sykes Mbuwane, aliyekufa maji akivuka mto alipokuwa akirejea kutoka vita dhidi ya Wahehe wa Mkwawa. Mwanawe Kleist, aliyezaliwa Pangani mwaka 1894, alilelewa na mkuu wa Wazulu hao, Plantan, ambaye alipanda mpaka akajulikana kwa cheo chake: Efendi Plantan. Kleist naye alipigana upande wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1929 akawa miongoni mwa waasisi wa African Association mjini Dar es Salaam. Vita Kuu ya Pili ilipofika, wanawe Abdulwahid na Ally walivaa sare ya Waingereza na kupelekwa Burma. Vizazi vitatu vya familia moja viliingia jeshini, chini ya bendera mbili zilizokuwa zikipigana, na kila kizazi kikapimwa upya kana kwamba waliotangulia hawakuwapo.

Lakini kisa kizito kuliko vyote kuhusu cheo cha mkongwe hakikuanza pwani. Kilianza bara, kusini mwa Sudan, katika jimbo la Equatoria.

Huko vikosi vya Misri vilikatiwa njia na vita vya Mahdi. Gavana wao, Emin Pasha, alibaki na askari wake kando ya Mto Nile miaka mingi bila mshahara wala barua kutoka Kairo. Jambo la kushangaza ni kwamba hawakugeuka kundi la watu wasio na mpango. Makarani waliendelea kuandika taarifa, mihuri iligongwa, na askari walijifumia nguo za pamba na kuzishona sare. Watu walikufa, nafasi zikabaki wazi, na Emin akazijaza kwa kuwapandisha vyeo waliobaki. Wakongwe wao walikuwa na historia ndefu kuliko ya wazungu wengi waliokuja kuwaamuru. Kulikuwa na waliosemekana kupigana Mexico katika kikosi cha Wasudani 447 ambacho mtawala wa Misri alimwazima Napoleon wa Tatu mwaka 1863. Waliporejea mwaka 1867 kupitia Paris, wengi wao walipandishwa vyeo kwa mkupuo.

Je, cheo kilichotolewa porini na gavana aliyepotea kina uzito gani? Kairo ililijibu swali hilo. Mwaka 1887 Khedivu Tewfik, mtawala wa Misri, alimpa mvumbuzi Stanley, aliyekuwa akienda kumwokoa Emin, barua ya kumpelekea. Ndani yake alimpandisha Emin mwenyewe, na akathibitisha vyeo vyote ambavyo Emin aliona vema kuwapa maofisa wake. Atakayerudi Misri atalipwa malimbikizo yake. Atakayebaki, abaki kwa dhima yake mwenyewe, asitarajie msaada wowote.

Barua hiyo ilipaswa kuwafurahisha. Mwaka 1888 iliposomwa kituo kwa kituo, askari hawakuiamini. Njia waliyoijua ya kwenda Misri ilipita Khartoum, kaskazini, na huyu mgeni aliyetokea magharibi akiwa na watu waliovaa matambara alitaka wamfuate kusini. Walidhani barua imeghushiwa. Agosti mwaka huo walimkamata Emin huko Dufile, wakamvua madaraka, na baraza la waasi likaanza kugawa vyeo lenyewe. Mkubwa wao wa mbali alikuwa amevikubali vyeo vyao kwa maandishi, nao hawakuukubali mkono ulioyaleta maandishi hayo. Kisha Wamahdi wakashambulia, na ofisa aliyejitokeza kuongoza utetezi wa Dufile, Selim, akapata kwa ushindi ule cheo cha bey.

Stanley aliondoka na Emin mwaka 1889. Selim Bey na wenzake walibaki.

Septemba 1891 akaja Frederick Lugard, kapteni wa Kiingereza aliyekuwa akifanya kazi ya kampuni ya biashara iliyotaka kuishika Uganda. Aliwakuta karibu na Ziwa Albert: askari wapatao 600, na nyuma yao wake, watoto, watumishi na wafuasi, jumla ya maelfu. Lugard alikuwa na shida ileile ya Wissmann. Alihitaji askari waliokwisha kuiva, na alivihitaji mara moja vikosi vya kuweka katika maboma ya Toro. Lakini mbele yake hakuwa na watu waliosimama kituoni Kairo wakisubiri kazi. Alikuwa na jeshi zima lenye kamanda wake, bendera yake na vyeo vyake.

Selim Bey, mzee mwenye mwili mkubwa, alimwambia wazi kuwa yeye ni mtu wa Khedivu na hawezi kumtumikia mwingine bila idhini yake. Hapa ndipo palipo na heshima ya watu hawa, na ni jambo linalofaa kukumbukwa na kila anayewaita mamluki. Miaka mingi walikuwa wametupwa bila senti, lakini bado walihesabu kuwa cheo chao ni amana ya mwenyewe. Makubaliano yakafanyika kwa sharti kwamba Khedivu ataridhia. Walihamia Uganda na bendera yao, na Selim akabaki bey.

Heshima hiyo haikudumu miaka miwili. Mwaka 1893 utawala wa Uganda ulikuwa ukipita kutoka kwa kampuni kwenda kwa serikali ya Uingereza, na Kampala kulikuwa na mvutano kati ya Waislamu na Waprotestanti. Selim alihisiwa kuwaegemea Waislamu wenzake. Kaimu kamishna, Macdonald, akaamuru akamatwe, avuliwe cheo, na apelekwe pwani. Mzee huyo alikuwa mgonjwa tayari. Alifariki njiani karibu na Naivasha, mbali na Misri na mbali na watu aliowaongoza. Askari wake walitawanywa katika vituo, na miaka miwili baadaye wakawa nguzo ya kikosi kipya kilichoitwa Uganda Rifles. Maofisa wao waliendelea kuitwa efendi, lakini sasa cheo hicho kilikuwa chini ya kila ofisa wa Kiingereza, hata aliyefika juzi.

Kwenye mshahara ndiko cheo kilikobaki jina tu. Askari wa Kisudani wa Uganda alilipwa rupia 4 kwa mwezi, kiasi kilichokuwa kidogo sana kuliko walichopata askari wenzake wa upande wa pwani. Tena hakuzipata kwa fedha, bali kwa vitambaa, na zilikuja zimechelewa miezi. Wakati huohuo walikuwa wakisukumwa kutoka safari moja ya kivita hadi nyingine. Septemba 1897, kombania tatu zilizokuwa zimetoka vitani ziliamriwa kwenda Eldama Ravine kuungana na msafara mwingine mrefu, na mkuu wa msafara huo alikuwa Macdonald, yuleyule aliyemvua Selim Bey cheo chake. Walikataa. Wakiongozwa na Mabruk Efendi walirudi magharibi kupitia Nandi na Mumias mpaka boma la Luba huko Busoga. Meja Thruston, aliyewajua na kuwaamini, alikwenda kusema nao wakamkamata. Tarehe 19 Oktoba, baada ya mapigano ya siku nzima nje ya boma, yeye na Waingereza wengine wawili walipigwa risasi.

Mauaji hayo hayana udhuru. Hata hivyo, maofisa walioandika kuhusu maasi yale hawakuweza kuficha kwamba malalamiko ya mwanzo yalikuwa ya haki. Serikali ilileta vikosi kutoka India, ikawinda waasi kwa miezi, kisha ikapandisha mishahara ya askari waliobaki watiifu. Ilikuwa imepata habari ambayo Wissmann aliijua tangu Kairo: mkongwe huhesabu.

Tarehe 1 Januari 1902 vikosi vya makoloni ya Waingereza viliunganishwa kuwa jeshi moja, King's African Rifles, ambalo wenyeji walilifupisha kuwa Keya. Katika batalioni ya nne ya Uganda, wazee wa Kisudani waliendelea kuwa na vyeo vya yuzbashi na mulazim. Waliruhusiwa kuzeeka navyo, lakini vijana wao hawakurithishwa. Kila yuzbashi aliyestaafu aliondoka na nafasi yake. Upande wa Wajerumani mambo yalikwenda vivyo hivyo: maefendi walipungua mwaka hadi mwaka, na ilipofika 1914 walikuwa wa kuhesabika vidoleni katika jeshi la askari wapatao 2,500. Efendi mwenye makovu ya miaka ishirini alisimama chini ya sajini wa Kijerumani aliyeshuka melini mwezi uliopita. Hapo ndipo palipokuwa na dari, na hakuna urefu wa utumishi uliotosha kuipasua.

Kwa nini basi wakongwe walirudi jeshini? Kwa sababu nje hakukuwa na kitu. Katika miaka ya mwanzo ya Keya askari hakuwa na pensheni ya kumlisha. Aliyetumikia miaka 12 aliweza kupewa ruhusa ya kujenga na kulima katika ardhi ya jeshi, na ndiyo asili ya Kibra, pembeni mwa Nairobi, ambako Wanubi walianza kuweka makazi kuanzia mwaka 1904. Mwaka 1918 eneo hilo, lenye ekari 4,197, lilitangazwa rasmi. Lilikuwa shukrani, na pia lilikuwa hazina ya askari. Mzee alikaa karibu na kambi, watoto wake walikua wakisikia tarumbeta, na vita ilipotokea palikuwa na watu wa kuita.

Wakati mwingine jeshi lilimfukuza mkongwe likajuta. Mwaka 1911 Waingereza, kwa kubana matumizi, waliivunja batalioni ya pili ya Keya iliyokusanywa Nyasaland, Malawi ya leo. Mamia ya askari waliofunzwa wakajikuta mitaani, na ustadi wao ulikuwa mmoja tu. Wengi wakavuka mpaka wakaenda kujiandikisha kwa Wajerumani, waliokuwa wakijua thamani ya mtu anayejua kulenga na kuamuru. Miaka mitatu baadaye vita ikaanza, na watu waliofundishwa na Uingereza walikuwa wakiipiga Uingereza kwa bunduki za Kaiser. Aprili 1916 batalioni ileile ilifufuliwa, na wakongwe waliobaki Nyasaland wakaitwa tena.

Hesabu ya vita hiyo ndiyo iliyowapandisha. Mwaka 1914 Keya ilikuwa na batalioni tatu tu, na ilipofika 1918 zilikuwa 22. Kila batalioni mpya ilihitaji makoplo na masajini wa kuwafundisha makuruta waliotoka shambani juzi, na mtu hawezi kutengenezwa sajini kwa wiki mbili. Mkongwe wa 1911, ambaye serikali ilimwona mzigo kwenye bajeti, sasa alikuwa ndiye mwalimu wa gwaride, mkuu wa lindo, na mkalimani kati ya luteni mgeni na platuni yake. Hakuna aliyemwomba radhi kwa miaka mitano iliyopotea.

Ajabu zaidi ilitokea mwaka 1917. Waingereza waliifufua batalioni ya sita, iliyokuwa imevunjwa mwaka 1910, na wakaijaza kwa askari waliotekwa kutoka jeshi la Wajerumani. Watu waliokuwa wakifukuzwa milimani na mabondeni miezi michache kabla walivua sare moja wakavaa nyingine, wakajifunza amri za Kiingereza badala ya za Kijerumani, na kurudi katika vita ileile kutoka upande wa pili. Mtu anaweza kuliita jambo hilo usaliti, lakini kwa mizani gani? Vita haikuwa yao tangu mwanzo. Waliyakuta makubaliano ya kazi, na wakajiandikisha kwa yule aliyekuwa na uwezo wa kuwalisha na kuzitunza familia zao.

Waliobaki na jenerali wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck mpaka mwisho waliweka silaha chini Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Walikuwa askari 1,168, na Ujerumani ilikuwa ikidaiwa nao mishahara ya muda mrefu. Fedha hazikuwapo, hivyo kila mmoja akapewa cheti kilichoandikwa deni lake. Inasimuliwa kwamba mwaka 1964, Bunge la Ujerumani Magharibi lilipoidhinisha malipo kwa wazee waliobaki hai, kama 350 walifika Mwanza kuzidai haki zao na wachache tu walikuwa bado na vyeti. Wengine walileta vipande vya sare. Ofisa wa benki aliyetumwa kulipa akampa kila mzee fimbo ya ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani afanye mazoezi ya silaha. Wote, inasemwa, walifaulu.

Batalioni ya sita ndiyo iliyokuja kuwa jeshi la Tanganyika. Mei 1941 ilipigana Colito nchini Ethiopia dhidi ya Waitaliano, na jina la pigano hilo likapewa kambi yake kando ya Dar es Salaam. Katika Vita Kuu ya Pili Afrika Mashariki ilitoa askari zaidi ya 300,000, na safari hii swali la cheo likapata mshindani mpya: kalamu. Jeshi lilihitaji watu wa simu za upepo, makarani, mafundi na waalimu, na kijana aliyetoka shule ya misheni angeweza kuvaa tepe tatu kabla hajasikia mlio wa bunduki. Mkongwe wa Keya asiyejua kusoma alibaki akimpigia saluti mtu wa umri wa mwanawe. Sajini mmoja Mganda wa kikosi cha elimu, Robert Kakembo, aliandika kijitabu kilichochapishwa mwaka 1946 kueleza mawazo ya askari Mwafrika na matarajio yake baada ya vita. Serikali za kikoloni hazikuwa na haraka ya kuyasikiliza. Vita ilipokwisha, maelfu walirudishwa vijijini, na vyeo vyao vikabaki makambini.

Wengine walivipeleka kwingine. Waruhiu Itote alikuwa koplo Burma. Miaka michache baadaye, katika msitu wa Mlima Kenya, wapiganaji wa Mau Mau walimjua kwa jina la Jenerali China. Cheo ambacho Uingereza isingempa hata angetumikia miaka 40 alikipata kwa wenzake.

Mwaka 1956 Waingereza waliifufua ngazi ya efendi ambayo wenyewe waliiacha ife. Masajinimeja waliotumikia muda mrefu walivalishwa alama za kiofisa lakini bila mamlaka kamili ya ofisa. Mmoja wa walioipata, mwaka 1959, ni Idi Amin, aliyeingia Keya mwaka 1946. Miaka miwili tu baadaye ngazi hiyo ikaondolewa, kwa sababu uhuru ulikuwa mlangoni na nchi mpya zilitaka maofisa kamili. Mwaka 1961 Amin alikuwa luteni. Makosa ya utawala wake yanajulikana na hayahitaji kurudiwa hapa. Lakini historia ya jeshi lake haieleweki bila kuona kwamba Uingereza iliwanyima Waafrika vyeo vya kiofisa kwa miaka 50, kisha ikavigawa kwa haraka katika miezi ya mwisho, ikichagua kutoka kwa masajini iliokuwa haijawaandaa.

Tanganyika ililipa gharama hiyo mapema. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito waliasi wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa Waingereza. Waziri Oscar Kambona alipokwenda kuzungumza nao, swali la nani awe mkuu wao liliamuliwa papohapo kwa sauti za askari, na jina lililopazwa lilikuwa la Luteni Elisha Kavana. Siku tano baadaye makomando wa Uingereza waliikalia kambi, na jeshi lile likavunjwa. Mwalimu Nyerere hakuchagua kuwarudisha wakongwe na kubishana nao juu ya ngazi. Alianza upya kwa kuandikisha vijana, wengi wao kutoka umoja wa vijana wa TANU, na akamkabidhi uongozi ofisa kijana aliyesomea Sandhurst, Mirisho Sarakikya. Jeshi la Wananchi wa Tanzania likazaliwa tarehe 1 Septemba 1964. Kambi ikaacha jina la Colito, ikapewa la Lugalo, mahali Wahehe walipokiangamiza kikosi cha Wajerumani mwaka 1891. Wengi wa askari waliokufa upande wa Wajerumani siku ile walikuwa Wasudani na Wazulu wale wa Wissmann.

Njia ya Nyerere haikuwezekana kila mahali. Burundi, baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe, ilibidi waliokuwa msituni na waliokuwa kambini waingie jeshi moja. Makubaliano ya Pretoria ya Novemba 2003 yaliwapa waasi wa CNDD-FDD asilimia 40 ya nafasi za maofisa, na jeshi jipya likaundwa mwishoni mwa 2004. Kazi ngumu ikawa kulinganisha vyeo: huyu ni kanali kwa kuwa alisoma chuo cha kijeshi, yule ni kanali kwa kuwa aliongoza watu vitani miaka saba. Rwanda ilifanya hivyo kwa mtu mmoja mmoja. Paul Rwarakabije, aliyekuwa ofisa wa jeshi la zamani na kisha kamanda wa waasi wa FDLR msituni Congo, alirejea Novemba 2003, na baadaye akawa kamishna mkuu wa magereza akiwa na cheo cha meja jenerali. Wapo waliochukizwa na cheo hicho, na uchungu wao una msingi. Lakini kamanda anayeona kuwa atapokewa kama kuruta hana sababu ya kutoka msituni, na watu wanaolipia ubishi wake ni wanavijiji.

Congo ndiyo iliyoonyesha gharama ya kuandika jambo na kutolitimiza. Tarehe 23 Machi 2009 serikali ilitia saini makubaliano na kundi la waasi la CNDP mjini Goma, na miongoni mwa mambo yaliyokubaliwa ni kutambuliwa kwa vyeo vya wapiganaji watakaoingia jeshi la taifa. Aprili 2012 sehemu ya maofisa hao waliondoka kambini wakidai kuwa makubaliano hayakuheshimiwa. Wengine waliona madai hayo ni kisingizio tu cha kushika silaha tena, na Wakongo walioyahama makazi yao Kivu Kaskazini wana haki ya kuwa na maoni hayo. Kundi la maofisa hao lilijiita M23, yaani tarehe ya ile saini.

Ushahidi wa historia hii yote umetawanyika, na sehemu kubwa haiko katika makumbusho. Uko katika masanduku ya familia: cheti cha kuachishwa jeshi chenye mstari wa cheo, picha ya mtu aliyevaa tarbushi, nishani iliyopoteza utepe wake, kitambulisho cha Keya kilichokunjwa mara nne. Nyaraka za kikoloni humtaja luteni wa Kiingereza kwa jina kamili na kumwita sajini wake Mwafrika kwa namba. Aliye na karatasi ya babu yake asiitupe wala asiiache iliwe na mchwa. Aipige picha, aandike nyuma yake jina, kijiji, kikosi na miaka, na apeleke nakala katika hifadhi ya nyaraka ya taifa lake wakati wale wanaoweza kusema picha ni ya nani bado wako hai.